Mama Kioo na Jumamosi ya Pengo

Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 9 Machi 1949, saa tisa kasoro dakika saba, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi saa, alizaliwa mtoto wa nne na wa mwisho, msichana, ambaye leo tumekusanyika kumsindikiza. Saa hiyo tunaitaja kwa saa ya ukutani, kwa sababu baba yake, aliyekuwa na saa kumi na moja za wateja zikigonga humo ndani, alisoma mbili zilizokuwa karibu naye, moja ikisema saa tisa kasoro saba na nyingine saa tisa kasoro nne, akaziandika zote mbili nyuma ya kitabu cha wateja, na mkunga alipomuuliza kwa nini asichague moja, akamjibu, "Mama, mimi nimeona mbili." Marehemu aliisimulia habari hiyo maisha yake yote, na alimwagiza mjukuu wake, anayewasomea historia hii kwa niaba ya familia, kwamba siku ikifika aziandike saa zote mbili, naye ametii.

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1957, akamaliza mwaka 1964, na katika miaka hiyo minane aliitiwa mzazi mara moja tu, pale alipochukua kioo cha kukuzia ambacho baba yake alikivaa jichoni wakati wa kazi, akaenda nacho darasani, akawakodolea siafu kipindi kizima cha hesabu, na mwalimu alipomuuliza jibu la swali la tatu akasema hajui, ila siafu wana nywele. Aliendelea na shule ya sekondari ya wasichana kuanzia mwaka 1965 hadi 1968, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa miwani mwaka 1969, darasa la wanafunzi kumi na wanane wenye wasichana wawili, akapata cheti chake tarehe 11 Desemba 1970, cheti ambacho mpaka wiki hii kilikuwa kimetundikwa jikoni kwake, kikiwa na alama ya mvuke wa sufuria upande wa kushoto.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 1 Februari 1971 katika duka la miwani lililokuwa likitazamana na posta kuu, na hapo alifanya kazi miaka thelathini na minane, hadi alipostaafu Ijumaa tarehe 27 Februari 2009, akiwa hajawahi kuhama chumba, kile chumba chembamba cha nyuma chenye mashine ya kusagia lenzi, sinki moja, kalenda, na dirisha la kichochoroni ambalo kila lenzi iliyotoka mikononi mwake iliinuliwa kwanza kulielekea kabla ya kuingizwa kwenye fremu. Ni dirisha hilo lililompa jina la Mama Kioo, maana wapita njia walimzoea hivyo, mkono juu, jicho moja limefumbwa, akitazama kioo badala ya kuwatazama wao. Wengi mliopo hapa mmevaa miwani aliyoisaga, na mtakumbuka kwamba hakuwahi kumuuliza mteja kama anaona vizuri, kwa kuwa, alisema, ukimuuliza mtu hivyo atakujibu ndiyo ili asikuudhi, bali alimgeuza mlangoni, akamwelekeza upande wa posta, na kumuuliza, "Unaona nini?" na mtu alitaja anachokiona, baiskeli, bango, mama na mtoto, mpaka yeye mwenyewe aridhike.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Julai 1974 na fundi bomba aliyeitwa dukani kuzibua sinki lililojaa unga wa kioo, akaitwa tena wiki iliyofuata, akaitwa na mara ya tatu, na Babu, kama tulivyomzoea sisi wajukuu, alikiri miaka mingi baadaye, mbele ya wakwe, kwamba mara mbili za kwanza sinki liliziba lenyewe lakini ile ya tatu alikuwa ameliacha makusudi halijazibuka vizuri. Waliishi katika vyumba viwili vya ghorofa ya nne, jengo la ngazi themanini na mbili lenye dobi chini na paa la zege juu, na wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 14 Mei 1976 na mwana wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1979, pamoja na wajukuu watano, ambao huyu anayesoma ndiye wa kwanza wao. Babu alitangulia tarehe 30 Agosti 2014, baada ya miaka arobaini ya ndoa ambayo marehemu aliieleza kuwa ya kelele nyingi na ugomvi kidogo.

Sasa tunafika kwenye paa, kwa sababu historia ya Mama Kioo isiyo na paa ingekuwa historia ya mtu mwingine. Mwezi Machi 1986 mwalimu wa jiografia wa shule ya jirani, ambaye tuko naye hapa, aliingia dukani akilalamika kwamba miwani yake imemchakaa, kwani kila mtu duniani alikuwa akizungumzia ile nyota yenye mkia inayorudi mara moja katika maisha ya mtu, na yeye aliyeifundisha miaka yote alikuwa ametoka nje siku nne mfululizo bila kuiona. Marehemu aliivua miwani ile, akaiinua dirishani, akaigeuza, akamrudishia, akasema, "Miwani yako nzima, Mwalimu, mbovu ni taa za barabarani," na palepale akamwalika juu ya jengo lao, ambako taa hazikufika. Jumamosi tarehe 12 Aprili 1986, saa tatu usiku, watu saba walipanda zile ngazi na darubini moja ya macho mawili ya kuazima, wakapita katikati ya shuka za dobi aliyewapigia kelele kutoka chini kwamba atakayeacha alama ya kidole atazifua zote mwenyewe, na mmoja baada ya mwingine wakaiona. Babu, aliyepandishwa kwa shingo upande, alitazama muda mrefu, akashusha darubini, akasema, "Hii ndiyo iliyonipandisha ngazi themanini na mbili? Mbona kama alama ya kidole kwenye kioo!" Wote wakacheka, isipokuwa mkewe, ambaye alichukua kalamu na kuyaandika maneno hayo kama yalivyo, kwa kuwa yalikuwa maelezo sahihi kuliko yote ya usiku ule, na hadi leo uchunguzi namba moja katika daftari la kwanza la chama unasomeka: kama alama ya kidole kwenye kioo, mtazamaji, fundi bomba.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa chama cha watazama nyota, ambacho majirani walikiita chama cha popo, na sharti lake la kwanza, linalofuatwa hadi sasa, ni kwamba nguo za dobi zianuliwe na kukunjwa kabla ya darubini kutoka. Darubini yenyewe aliitengeneza marehemu, akisaga kioo chake cha inchi sita kwa mkono kuanzia Juni 1986 hadi Machi 1987, akikizunguka juu ya pipa jikoni kila jioni baada ya vyombo, mpaka watoto wakazoea kulala kwa sauti ile ya mchanga unaokorogwa, na Babu akachangia bomba la plastiki la maji machafu, ambalo aliapa mbele ya mashahidi kwamba ni jipya kabisa, ingawa kwa mwaka mzima hakuna mgeni aliyeweka jicho kabla ya kunusa kwanza.

Kuanzia Jumamosi tarehe 7 Januari 1989 chama kilijipa kazi ya kudumu, nayo ni kuifuatilia nyota moja nyekundu ambayo katika mzunguko wa miezi kama kumi na moja hufifia hadi ikapotea machoni, kisha hung'aa tena, na kwa tabia yake hiyo ya kulala na kuamka wakaipa jina la Mgonjwa. Kila Jumamosi ambayo Mgonjwa alikuwa angani, mwenye zamu alipanda, akamlinganisha na nyota mbili za jirani yake ambazo ukali wake unajulikana, akaandika tarakimu yake, ndogo ikimaanisha nyota kali na kubwa ikimaanisha nyota hafifu, kwenye kikaratasi, akakikunja na kukitia katika kikombe cha bati, na kama walikuwapo wengine nao walifanya vivyo hivyo, hakuna kusema neno mpaka kikombe kifunguliwe, asije mmoja akamwambukiza mwingine jicho lake, na aliyeropoka aliosha vikombe vyote vya chai. Kama mawingu yalitanda, waliandika mawingu. Mwoka mikate wa mtaa wa pili, mwanachama tangu siku ya kwanza, alikuwa akimuuliza marehemu kwa sauti kutoka barabarani, "Mama Kioo, mgonjwa kaamkaje?" naye akijibu kutoka dirishani, "Jana kajitahidi, ila bado dhaifu," hata jirani mmoja mgeni akapanda ngazi zote na bakuli la supu ya kumpelekea huyo mgonjwa, na supu ile, kwa heshima yake, ikanywewa na chama kizima.

Ndugu waombolezaji, mpaka hapa tumesoma ambayo kila mmoja wenu angeweza kuyasoma. Yanayofuata yanasomwa kwa sababu marehemu aliagiza yasomwe, na familia imekubali.

Usiku wa Jumamosi tarehe 12 kuamkia Jumapili tarehe 13 Desemba 1998 ulikuwa mweupe bila wingu, na zamu ilikuwa ya marehemu peke yake, kwa kuwa Mwalimu alikuwa amesafiri na wanafunzi na mwoka mikate alikuwa kwenye tanuri. Daftari la usiku huo lina kadirio la 3.3, na mwandiko ni wake. Usiku huohuo binti yake, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili na mumewe akiwa safarini na lori, alipelekwa hospitali na jirani, akajifungua alfajiri, na kwa miaka ishirini na sita familia yetu imeishi na hadithi moja ya kuzaliwa huko, iliyosimuliwa kila siku ya kuzaliwa ya mjukuu, kwamba binti alikuwa wodini akipambana huku mama yake akiwa juu ya paa. Binti aliisimulia kwa utani, "Mimi nazaa, mama anapima nyota," watu wakacheka, na akaongeza kila mara, "Na ushahidi upo, kauandika mwenyewe," na kila aliyekuwapo alijua kwamba utani ule ulikuwa na mwiba ndani yake, kwani tangu Desemba hiyo binti hakupanda tena kwenye paa, hata siku ya sherehe ya chama kutimiza miaka ishirini, aliposema magoti yanamuuma. Marehemu alimimina chai. Mjukuu alipokuwa na miaka tisa aliuona mstari ule kwenye daftari, akafurahi kwamba usiku aliozaliwa una tarakimu yake angani, akaunakili kwenye jalada la daftari lake la shule kwa kalamu nyekundu, na bibi yake alipouona akaupitisha kidole na kusema tu, "Huo usiupende sana."

Marehemu alianza kuugua moyo Agosti 2023, moyo ukawa hausukumi damu inavyotakiwa, akapumua kwa shida na miguu kuvimba, akatibiwa na kurudi nyumbani mara mbili, hadi alipolazwa tena tarehe 11 Januari 2025. Jumamosi tarehe 25 Januari, saa kumi jioni, alimwambia mjukuu wake afungue kasha la miwani la zamani lililokuwa ndani ya mkoba wake, atoe kikaratasi kilichokunjwa chini ya kitambaa cha kufutia, na akisome kwa sauti. Kilikuwa kikaratasi cha kikombe cha bati, cha aina ileile, kimeandikwa kwa penseli, na maneno yake ni haya: Jumamosi 12 kuamkia 13 Desemba. Saa 2:15 usiku, nimekaa. Saa 4:10, kilio, si wetu. Saa 7:35, kilio, si wetu. Saa 9:20, kimya, muuguzi amepita hajasema kitu. Saa 10:52, kilio, wetu. Neno hilo la mwisho, wetu, limekolea kuliko mengine, kwa sababu, kama alivyoeleza, alipokisikia kilio cha saa 10:52 aliandika kilio na kuacha nafasi, hakujaza mpaka muuguzi alipofungua mlango na kumthibitishia.

Alikuwa hospitali. Alipata habari kwa jirani saa moja usiku, akaacha darubini bila kuitoa, akaenda, akaambiwa ndugu hawaruhusiwi kuingia mpaka saa moja asubuhi, akaketi kwenye benchi la nje ya mlango wa wodi ya wazazi usiku kucha, akitazama mlango kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kutazama, na kwa mazoea yake akaandika. Asubuhi aliingia pamoja na wageni wa kwanza, binti yake akamwambia, "Umekuja mapema," naye kwa uchovu akajibu, "Nimekuja." Saa nne asubuhi alipanda juu ya paa, akafungua sanduku la bati kwenye kijumba cha tangi la maji, akakuta mstari wa Jumamosi uko wazi, na zilikuwa zimebaki Jumamosi tatu tu chama kitimize miaka kumi bila pengo hata moja, kitu ambacho wenzake walikingoja kwa hamu, na Mwalimu alikuwa ameshaandaa barua ya kupeleka makadirio yote kwenye kituo kinachoyakusanya. Hakuwa na mawingu ya kuandika, maana mtaa mzima uliziona nyota za usiku ule. Alitazama tarakimu ya wiki iliyotangulia, 4.0, akajua Mgonjwa anapanda, akaandika 3.3. Hapo mjukuu, ambaye amesomea takwimu chuo kikuu, alimwambia kwamba 3.3 ilikuwa kali mno, ingetosha 3.8, na marehemu akacheka mpaka mashine ya kitandani ikalia na muuguzi akaja mbio, akasema, "Nilikuwa na furaha, mjukuu wangu. Nilimkadiria kwa furaha."

Baada ya hapo ilikuwa ama anyamaze kuhusu benchi ama akiri kuhusu mstari, kwa kuwa mtu hawezi kuwa mahali pawili, na Juni 1999 ilipokuja barua ya shukrani kwa miaka kumi bila pengo, ikatiwa fremu na kutundikwa kwenye duka la mikate, kukiri kukawa ni kuishusha barua ya watu wote ukutani. Akachagua kubeba utani wa binti yake. Wanachama watakumbuka kwamba ni yeye, Januari 1999, aliyeleta sharti la kwamba asiyetazama aandike sikutazama, kwamba pengo nalo ni taarifa, na kwamba kosa halifutwi kwa raba bali linakatwa kwa mstari mmoja ulionyooka ili lisomeke, na watakumbuka walivyolalamika kwamba Mama Kioo amekuwa mkali ghafla. Mjukuu alimuuliza kwa nini asimwambie binti yake mwenyewe, naye yuko hapo mlangoni anakuja na chupa ya chai, akajibu, "Nikimwambia ataniuliza kwa nini nilinyamaza miaka yote hii, na jibu la maana sina. Wewe jambo hili lisome siku ya historia yangu, mbele ya chama na mbele yake. Usilipake mafuta." Mjukuu alikaa na kikaratasi kile siku ishirini na nne, akiwa kila jioni kando ya kitanda kimoja na mama yake, akiandika historia hii mara mbili, moja yenye mstari na moja isiyo nao, bila kujua ipi itasomwa.

Mama Kioo alifariki dunia Jumanne tarehe 18 Februari 2025, saa moja kasoro dakika nane jioni kwa saa ya ukutani ya wodi, na saa moja kasoro tano kwa saa ya mkononi ya binti yake aliyekuwa amemshika mkono, akiwa amebakiza siku kumi na tisa kutimiza miaka sabini na sita. Saa zote mbili tumeziandika.

Usiku huohuo familia ilikaa mezani, katika vyumba vile viwili, kupitia historia ya marehemu, na mjukuu akasoma ile yenye mstari. Mjomba, mwana wa kiume wa marehemu, alikataa kwa uchungu wote wa mtoto, akasema, "Hilo la daftari litoe. Mama amefanya kazi nzuri miaka yote hiyo, leo tukamzike na kosa la usiku mmoja? Hao wa chama watamwonaje?" Mjukuu alimjibu kwamba ndivyo marehemu alivyoagiza. Binti ndiye aliyenyoosha mkono kutaka kikaratasi, akakisoma, akakigeuza kana kwamba kuna zaidi nyuma, akauliza, "Benchi lipi?" akaambiwa la kijani, nje ya mlango. "Lile lenye mguu mbovu?" akauliza, akaambiwa marehemu alisema usiku kucha lilikuwa likiyumba. Binti aliinuka, akakusanya vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi, akavipeleka jikoni na kuviosha vyote, na aliporudi akasema, "Soma yote. Na hapo uliposema mwiba, pabaki palivyo."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa muuguzi wa zamu ya jioni aliyemwachia marehemu kitanda cha dirishani ingawa dirisha lenyewe linatazama ukuta. Tunawashukuru majirani wa ghorofa zote nne waliopokezana kubeba maji wakati lifti ambayo jengo halikuwahi kuwa nayo ilipohitajika zaidi, dobi na mwanawe ambao tangu msiba, bila kuombwa na mtu, hawajatundika nguo kwenye paa, na wafanyakazi wenzake wa duka la miwani waliofunga duka leo kuja kusimama nasi. Tunawashukuru wanachama wa chama cha watazama nyota, ambao waliarifiwa juzi Jumatano adhuhuri kabla ya kuyasikia haya hadharani. Mwalimu, aliyetazama Jumamosi ya tarehe 19 Desemba 1998 na kupata 3.7, alidhani miaka yote hiyo kwamba macho yake ndiyo yaliyomwonyesha Mgonjwa akififia wakati anapaswa kupanda, na Januari iliyofuata alikwenda dukani kubadilisha miwani, marehemu akamsagia mpya kwa mikono yake na kukataa katakata kumtoza, na sababu ameijua wiki hii. Alicheka, kisha akavua miwani akaifuta, akasema, "Kumbe nilikuwa naona." Mwoka mikate naye ameturuhusu kusema kwamba barua ipo palepale ukutani, ila chini yake amebandika karatasi ndogo yenye maneno pengo moja, na anayeuliza ataelezwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni la asubuhi iliyofuata, Jumatano tarehe 19 Februari, saa kumi na mbili na nusu. Binti wa marehemu alipanda hadi kwenye paa, mara ya kwanza tangu mwaka 1998, akiwa na rula, gundi na kalamu ya mjukuu wa marehemu, yaani mwanawe, aliyemfuata nyuma ngazi tatu kwa hofu ya yale magoti, ambayo yalipanda bila tatizo lolote. Nguo za dobi zilizoachwa kambani tangu kabla ya msiba alizianua na kuzikunja kwanza, moja moja. Kisha akafungua sanduku la bati, akatafuta Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998, akaikata 3.3 kwa mstari mmoja ulionyooka, inavyotakiwa, hivyo tarakimu bado inasomeka, akabandika kando yake kikaratasi cha penseli, akasubiri gundi ikauke, na katika nafasi ya maelezo akaandika kwa mwandiko wake, polepole, kama mtu anayejaza fomu: Pengo. Mtazamaji alikuwa kwangu. Akatia sahihi, akatazama saa yake, akaandika na saa.

Mama Kioo, zamu tumeipokea, kapumzike kwa amani.